Msimulizi, Jicho na Msimamo: Historia ya Istilahi za Usimulizi katika Riwaya ya Kiswahili

Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Kiswahili kilivyopata, na jinsi kilivyokosa, maneno ya kuzungumzia jambo moja la msingi katika utungaji wa riwaya: ni nani anayekisimulia kisa, na kisa hicho kinaonwa kwa macho ya nani. Jambo hili huonekana dogo mpaka pale mwandishi anapoamua kukieleza kisa kimoja kupitia watu watatu au wanne. Hapo mwandishi, mhariri, mfasiri na mwalimu huhitaji maneno ya kuelewana, na aghalabu kila mmoja huja na lake.

Dai letu ni hili. Uhakiki uliokomaa nchini Tanzania katika miaka ya 1970 ulitupa neno nafsi na neno mtazamo, na maneno hayo yote mawili yametufaa. Lakini baina yao uliachwa upenyo, na katika upenyo huo ndimo inamopotea kazi kubwa kabisa ya mwandishi wa riwaya ya macho mengi. Upenyo huo haukutokana na umaskini wa lugha. Ulitokana na historia, na kwa kuwa ulitokana na historia, unaweza kuzibwa.

Riwaya na mpokezi wake

Yafaa tuanze na neno riwaya lenyewe. Neno hili limetokana na Kiarabu, na asili yake ni kupokea habari na kuifikisha kwa wengine. Mwenye kupokea na kufikisha huitwa rawi. Katika elimu ya dini ya Kiislamu maana hii ingali hai: msomaji wa Kurani husema kwamba anasoma kwa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, na mhadhiri msikitini husema kuwa katika riwaya nyingine tukio limeelezwa hivi au vile. Kwa maana hiyo ya kale, riwaya haiwezi kuwapo bila ya mpokezi anayejulikana, na tukio moja laweza kuwa na riwaya kadhaa pasipo mtu kushangaa.

Maandishi ya kale ya pwani yanatuonyesha desturi hiyo hiyo. Habari za Pate, yaani tarikhi ya watawala wa Nabhani, zimetufikia katika nakala zaidi ya moja. C. H. Stigand alichapisha tafsiri yake mwaka 1913, Alice Werner akachapisha nyingine katika miaka ya 1914 na 1915, na nakala nyingine zikaja kuhaririwa na Marina Tolmacheva mwaka 1993. Nyingi katika hizo hurejezwa kwa mzee mmoja, Bwana Kitini, lakini hazifanani katika kila jambo. Mwanahistoria huziona tofauti hizo kuwa taabu. Mtunzi wa riwaya huweza kuziona kuwa shule. Humo anajifunza kwamba habari hubadilika kwa kadiri ya anayeipokea, na kwamba kumtaja mpokezi ni sehemu ya kuieleza habari.

Hali kadhalika tusisahau ushairi wa majibizano. Katika karne ya 19 washairi wa Mombasa na Lamu walijibizana kwa tungo, na kila upande uliyaeleza mambo yale yale kwa namna yake. Aliyetaka kulijua jambo zima hakuwa na budi kuzisikiliza pande zote mbili. Kwa hiyo si kweli kwamba usimulizi wa pande nyingi uliletwa kwetu na riwaya ya Ulaya. Kilicholetwa ni kitabu kimoja chenye jina la mtunzi mmoja, ambamo sauti nyingi hutakiwa kukaa pamoja chini ya paa moja.

Safari sita, mdomo mmoja

Paa hilo lilipojengwa, sauti iliyokaa chini yake kwa muda mrefu ilikuwa moja. James Mbotela alichapisha Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, na Shaaban Robert akafuata na Kusadikika mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952. Kusadikika ni mfano mzuri kwa shabaha yetu. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme, naye anajitetea kwa kueleza safari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mjumbe alikwenda peke yake, akaona peke yake, na aliporudi akateswa. Lakini wajumbe hao hatuwasikii wakisimama barazani kutoa ushahidi wao wenyewe. Karama ndiye anayesema kwa niaba yao. Safari ni sita, mdomo ni mmoja.

Hatusemi kwamba huo ni upungufu. Shaaban Robert alitaka hoja moja izidi kupata nguvu siku hadi siku, na mdomo mmoja ulimfaa. Tunasema tu kwamba uchaguzi huo una jirani yake, nao waweza kulinganishwa. Mwaka 1922 Mjapani Ryūnosuke Akutagawa aliandika hadithi fupi ya mauaji porini, ambayo miaka mingi baadaye ilimpa Akira Kurosawa msingi wa filamu yake Rashomon ya mwaka 1950. Hapo pia pana uchunguzi kama wa barazani, lakini Akutagawa hakumpa mtu yeyote kazi ya kuwasemea wengine. Wanasema saba: mkata kuni, mtawa, askari, kikongwe, jambazi, mke wa marehemu, na marehemu mwenyewe kwa kinywa cha mganga. Habari zao hazipatani, na mwandishi hakutoa hukumu. Katika Kusadikika msomaji anaombwa akubali. Katika hadithi ya Akutagawa anaombwa apime. Hizo ni kazi mbili tofauti, na mhakiki anayetaka kuzieleza anahitaji maneno yanayozitofautisha.

Ipo sababu nyingine iliyofanya sauti moja itawale, nayo inatuhusu sisi tunaoshughulika na lugha. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kuvipitia vitabu ili lugha yake ilingane na Kiswahili sanifu. Kazi hiyo ilileta manufaa makubwa, hasa katika shule. Lakini desturi ya kusanifisha kila ukurasa ina gharama katika riwaya: mvuvi, karani, bibi wa shamba na mwanafunzi hujikuta wakifikiri kwa msamiati mmoja. Walipotokea waandishi wa Unguja na Pemba kama Mohamed Suleiman Mohamed, aliyetoa Kiu mwaka 1972 na Nyota ya Rehema mwaka 1976, na Said Ahmed Mohamed, aliyetoa Asali Chungu mwaka 1977, msomaji wa bara alianza kusikia ladha nyingine za lugha ndani ya kitabu kimoja.

Nafsi upande mmoja, mtazamo upande mwingine

Sasa tuje kwenye istilahi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, fasihi nchini Tanzania iliulizwa swali la wazi: inamtumikia nani? Wahakiki walilijibu kwa bidii. Kitabu cha Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, Fasihi na Sanaa za Maonyesho, kilitoka mwaka 1976, na Fasihi cha F. E. M. K. Senkoro kikatoka mwaka 1982. Katika kipindi hicho uliimarika mgawanyo ambao kila mwanafunzi wa sekondari anaujua mpaka leo: fani na maudhui. Upande wa fani wakawekwa wahusika, muundo, mtindo, mandhari na matumizi ya lugha. Upande wa maudhui zikawekwa dhamira, ujumbe, falsafa, mtazamo na msimamo.

Msomaji atazame mahali yalipowekwa maneno yetu mawili. Nafsi, ambayo ni neno la sarufi, ilitiwa ndani ya mtindo: mwanafunzi huulizwa kama mwandishi ametumia nafsi ya kwanza, ya pili au ya tatu. Mtazamo ulitiwa ndani ya maudhui, ukapewa maana ya jinsi mwandishi anavyoyaona mambo ya jamii, kama vile ndoa, ukoloni au matabaka. Maneno yote mawili yakapata makazi, na makazi hayo hayakuwa karibu.

Kati yao likabaki jambo lisilo na jina. Chukua riwaya inayoandikwa yote katika nafsi ya tatu. Sura ya kwanza inatuonyesha nyumba kwa macho ya mwenye nyumba. Ya pili inatuonyesha nyumba ile ile kwa macho ya mtumishi. Ya tatu kwa macho ya mgeni. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu nafsi atajibu kwamba ni ya tatu toka mwanzo hadi mwisho, na jibu lake ni sahihi. Akiulizwa kuhusu mtazamo atajibu kwamba mwandishi anapinga unyonyaji, na jibu hilo nalo laweza kuwa sahihi. Lakini lile alilolifanya mwandishi, yaani kutuhamisha kutoka jicho hadi jicho na kutuacha tuone kile ambacho kila mmoja hakukiona, halikuulizwa wala halikujibiwa.

Mfano haupo mbali. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1978, wamo Fuad aliye bwana wa shamba na Kijakazi aliye mtumishi mtiifu. Msimamo wa kitabu kuhusu ukabaila ni wazi wala hauhitaji darubini. Ila nguvu ya kitabu haimo katika msimamo peke yake. Imo pia katika umbali uliopo baina ya jinsi bwana anavyomwona mtumishi na jinsi mtumishi anavyomwona bwana. Umbali huo hauwezi kupimwa kwa neno nafsi, wala kwa neno mtazamo kwa maana tuliyoizoea.

Nje ya Afrika Mashariki jambo hili lilitafutiwa jina muda mrefu. Henry James alilijadili katika dibaji alizoziandika kwa toleo la vitabu vyake la miaka ya 1907 hadi 1909, na Percy Lubbock akalifanya kuwa msingi wa kitabu chake cha mwaka 1921. Hata hivyo wao pia walichanganya mambo. Ni Mfaransa Gérard Genette ambaye mwaka 1972 alieleza kwa uwazi kwamba kuna maswali mawili, nani anaona na nani anasema, na kwamba kulijibu moja si kulijibu la pili. Tafsiri ya Kiingereza ya kazi hiyo ilitoka mwaka 1980. Kufikia wakati huo mpango wa fani na maudhui ulikuwa umekwisha kutia mizizi mashuleni.

Tangu hapo juhudi zimefanyika. Kyallo Wadi Wamitila alitoa Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia mwaka 2003, ikapanua sana hazina yetu. Istilahi usimulizi maizi imepata wafuasi kwa msimulizi anayejua yaliyomo katika nyoyo za watu wote, nayo imeundwa kwa kitenzi cha Kiswahili, kumaizi, yaani kutambua. Neno mtazamo nalo limetumiwa na wengine kwa maana ya jicho la usimulizi. Lakini maadamu neno hilo bado lina maana ya kwanza katika madarasa mengi, mwanafunzi mmoja hulikuta katika vitabu viwili kwa maana mbili.

Lugha yenyewe inasemaje?

Kabla ya kutoa pendekezo, hatuna budi kuuliza kama Kiswahili chenyewe kinalijua jambo tunalolitafutia jina. Twaona kwamba kinalijua vizuri, tena katika sarufi yake.

Tazama neno kumbe. Mwandishi akisema, “Mwanaidi aliufikia mlango. Kumbe Salehe amekwisha kuingia,” anayegundua ni Mwanaidi. Msimulizi anayejua yote hawezi kushtuka. Neno hilo moja limetutia ndani ya kichwa cha mhusika ingawa nafsi haikubadilika. Tazama eti: “Alikawia, eti alikuwa mgonjwa.” Habari ya ugonjwa ni ya mtu mmoja, na shaka ni ya mwingine, na zote zimo katika sentensi fupi. Tazama kuja na kwenda: tukisema mzee alikuja kisimani, tumekwisha kukaa kisimani pamoja na anayemwona, tukisema alikwenda kisimani, tumebaki alikotoka. Tazama pia nyakati za vitenzi. Husemwa, “Aliona kwamba mvua inanyesha,” na kiambishi -na- ni cha wakati wa mwonaji, wala si cha wakati wa msimulizi.

Upande wa pili, lugha yetu ina mtego wake. Viambishi vya nafsi ya tatu havitofautishi mwanamume na mwanamke. Katika Kiingereza mwandishi anaweza kuwaweka mume na mke chumbani, akahama kutoka kwa huyu hadi kwa yule kwa kutegemea viwakilishi viwili. Katika Kiswahili sentensi kama “Alimtazama, akajua kwamba anamficha jambo” haituambii nani katazama wala nani kaficha. Mfasiri asiyelizingatia jambo hili huiharibu riwaya ya macho mengi pasipo kukosea neno hata moja. Mwandishi naye hana budi kutumia majina, huyu na yule, au kulibakiza jicho mahali pamoja mpaka mwisho wa sehemu.

Kuhusu kuyatumia macho mengi

Kutokana na hayo yote twaweza kuwaeleza waandishi wetu chipukizi mambo machache.

Kwanza, kila jicho liwe na sababu ya kuwapo. Mhusika apewe jicho ikiwa anajua jambo ambalo wengine hawalijui, au haoni jambo ambalo wengine wanaliona. Asiye na siri wala upofu wake mwenyewe anaweza kuonwa na wengine, si lazima aone.

Pili, jicho lihame mahali panapoonekana. Sura mpya au sehemu mpya ni kiungo kizuri. Likihama katikati ya aya, msomaji hupotea, hasa kwa sababu ya mtego wa viambishi tulioueleza.

Tatu, jicho lisione lisiloweza kuliona. Mwenye jicho hauoni uso wake mwenyewe ukibadilika rangi, wala hayajui mawazo ya anayezungumza naye. Tatizo hili huwa zito katika nafsi ya kwanza. Kazimoto, msimulizi wa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974, mwishoni anajiua. Mwandishi yeyote anayemwua msimulizi wake hana budi kuamua mapema ni nani atakayebaki na habari.

Nne, kila jicho liwe na ulimi wake. Hapa ndipo mwandishi na mhariri wanapogongana. Mhariri anayesahihisha fikra za mchukuzi wa bandarini ziwe Kiswahili cha ofisini hajaisafisha lugha. Amemng’oa mtu jicho. Usanifu una mahali pake katika maneno ya msimulizi wa nje, lakini fikra za mhusika ni mali ya mhusika. Okot p’Bitek wa Uganda aliliona hilo alipompa Lawino utenzi wake mwaka 1966, na Ocol utenzi wa kumjibu mwaka 1970. Mume na mke hao hawatofautiani kwa maoni tu, bali hata kwa namna ya kusema. Wasomaji wa Kiswahili walimpata Lawino kwa tafsiri ya Paul Sozigwa.

Pendekezo

Istilahi nzuri haina budi kuwa fupi, iwe na uwezo wa kuzaa maneno mengine, na isiwe imekwisha kuchukuliwa na dhana jirani. Kwa vipimo hivyo twapendekeza maneno matatu yatumike kwa maana tatu.

Neno la kwanza ni msimulizi, kwa anayesema. Nafsi ya kwanza na ya tatu ni sifa za msimulizi huyo, na neno nafsi libaki katika kazi hiyo.

La pili ni jicho, kwa anayeona. Litatuzalia riwaya ya jicho moja, riwaya ya macho mengi, mwenye jicho, na kuhama kwa jicho. Wako watakaosema kwamba neno hili ni la kawaida mno, na kwamba linakumbusha jicho baya na kijicho. Twajibu kwamba ukawaida ni faida, kwa kuwa mwanafunzi hatahitaji kukariri, na kwamba muktadha hutenganisha maana, kama unavyotenganisha mkono wa mtu na mkono wa saa. Neno mwonaji lingeweza kufaa, lakini kwa wasomaji wengi lina maana ya nabii.

La tatu ni msimamo, kwa yale ambayo mwandishi anayashikilia kuhusu jamii. Neno hili limekwisha kuzoeleka, na linatosha. Mtazamo na uachiwe maana yake pana ya kila siku, usitwishwe mizigo miwili ya kitaalamu.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba neno riwaya lilikuja kwetu likiwa na mpokezi ndani yake. Kwamba riwaya zetu za mwanzo zilichagua mdomo mmoja kwa sababu zinazoeleweka. Na kwamba wahakiki wa miaka ya 1970, wakiwa na swali zito la kujibu, waliligawa jambo moja katika vyumba viwili na kuliacha fungu la katikati mlangoni. Swali lao halijafa. Mwandishi wa Kiswahili bado ataulizwa anamtumikia nani. Lakini jibu la kweli la swali hilo haliwezi kusomwa katika msimamo wake peke yake. Yupo mwandishi anayewatetea wanyonge katika kila sura, ilhali hakuna hata sura moja ambamo mnyonge ndiye anayeona. Bila ya istilahi ya kulitaja jambo hilo, mwanafunzi atampa alama zote, na hakuna atakayeweza kumweleza mwandishi huyo kilichokosekana.